Baba Mkwe Juu ya Kitanda, Mimi Chini

Nianze kwa kukiri kabisa, mcheke mmalize, ndipo tuendelee: mimi Tumpe, niliyekuwa navaa kofia nyeupe ya uuguzi iliyopigwa wanga mpaka inasimama kama ubao, niliwahi kujichimbia chini ya kitanda cha mgonjwa, mchana kweupe, daktari akiwa kwenye mzunguko wake wa asubuhi, wodi nzima ya wanaume ikitazama nyayo zangu, na juu ya kitanda hicho alikuwa amekaa baba mkwe wangu.

Sasa ninyi ambao si Wanyakyusa, au ninyi mliozaliwa juzi, mtauliza kuna ubaya gani hapo. Kwetu Rungwe miaka ile ya hamsini, binti akishachumbiwa, baba wa mchumba wake anakuwa kama jua la saa sita, hutazamani naye. Ukikutana naye njiani unaingia migombani. Ukisikia kikohozi chake unajifunika kanga kichwani na kuchutama. Jina lake hulitamki, hata neno linalokaribiana na jina lake unalikwepa (rafiki yangu mmoja alipata mkwe mwenye jina linalofanana na neno la kwetu la chungu, basi maisha yake yote akawa anapikia kwenye "kile kitu cha jikoni"). Kanisani mchungaji alituambia mambo hayo yamepitwa na wakati, sote tukaitikia Amina, tukatoka nje, tukaendelea kukimbilia migombani.

Mimi nilikuwa nimechumbiwa na Ambakisye, mwalimu wa shule moja kule Iringa, ambako na mimi nilikuwa nasomea uuguzi. Posa ilipelekwa kwetu na mshenga, wazee wakakubaliana, mama yake Ambakisye akaja kuniona akaridhika, lakini baba yake sikuwahi kumwona hata kivuli, wala yeye kuniona mimi, na ndiyo ilikuwa adabu yenyewe. Jina lake sikuruhusiwa kulitamka, kwa hiyo sikujisumbua kulijua. Nilichokuwa najua ni kwamba yuko Rungwe, mzima, analima kahawa na ndizi zake.

Ikatokea hospitali moja ya Mbeya imepungukiwa wauguzi, wakatuazima sisi wanafunzi wawili kutoka Iringa. Nilifika nikawekwa wodi ya wanawake, nikakaa siku chache, halafu asubuhi moja ya baridi, Mlima Loleza hauonekani kwa ukungu, Sista Elsa mkuu wetu akaniambia nihamie wodi ya wanaume kwa sababu dresa wawili, wale wahudumu wa kiume wa wodi, wamepelekwa Chimala kwenye chanjo na amebaki Lazaro peke yake.

"Kuna mgonjwa wa moyo karibu na dirisha," akasema, "amejaa maji. Leo daktari anataka kujua kama sindano imeyatoa. Lakini ungoje Lazaro arudi kutoka stoo, mzee yule hapendi kuhudumiwa na mwanamke."

Na hapo ndipo nilipoharibu. Ningengoja, nisingekuwa na hadithi ya kuwaambia leo. Lakini nilikuwa ndiyo kwanza nimefundishwa namna ya kumpima mgonjwa wa moyo, hatua kwa hatua, na mikono ilikuwa inaniwasha. Nikasema moyoni, aa, mzee tu huyu, nitampima mwenyewe, Lazaro akirudi akute kila kitu tayari.

Nikamwendea. Kadi yake kitandani iliandikwa jina la ubatizo tu, Petro. Mzee mnene wa mabega, mvi kidogo, amekalishwa juu ya mito mingi kwa sababu akilala chali anaishiwa pumzi, na miguu imevimba mpaka vidole vinaonekana kama ndizi fupi zilizobanana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Yuko wapi yule kijana wa Kihehe?"

"Leo ni mimi. Tuanze na mizani."

Akanung'unika, lakini akashuka. Mizani yetu ilikuwa ya chuma, ya kusimama juu na kusogeza vipande vya risasi, na kanuni ya Sista ilikuwa kwamba mgonjwa apimwe kila asubuhi akishakojoa na kabla hajanywa uji, na nguo ziwe zilezile, maana maji mwilini hujificha lakini mizani huyaona. Nikasogeza vipande. Uzito ulikuwa umepanda! Umepita wa jana, na jana kapigwa sindano ya kutoa maji. Nikamvua koti lake zito la baridi, nikapima tena, bado umepanda. Nikatazama chupa kubwa ya mkojo tunamokusanya wa tangu jana: kidogo tu.

Nikamrudisha kitandani nikaanza kazi kwa mbwembwe zote. Nikahesabu mapigo ya moyo kwa saa yangu niliyoibana kifuani, yalikuwa yanakwenda mbio na kurukaruka. Nikahesabu pumzi bila kumwambia kwamba nahesabu (mgonjwa akijua hujikaza). Nikatazama mshipa wa shingo, umesimama kama kamba. Halafu nikabonyeza ugoko wake kwa kidole gumba, nikaachia, na kidole kikaacha shimo ambalo halikuwa na haraka ya kujaa, kama umebonyeza unga uliokandwa.

"Mzee, umekunywa nini tangu jana?"

"Maji ya Sista tu. Kikombe chake kile cha kipimo, ambacho hata kifaranga hakimtoshi."

"Na umekula nini?"

"Chakula chenu kisicho na chumvi. Mnatulisha kama ndama."

Wakati anasema hivyo, pua yangu ikanasa harufu ambayo mtu aliyekulia karibu na Ziwa Nyasa hawezi kuikosea. Nikainua mto wa kwanza, wa pili, na chini ya wa tatu nikakuta kifurushi cha majani ya mgomba, ndani samaki wakavu wa chumvi, nusu wameliwa, na ubavuni mwa godoro kibuyu cha togwa kimebaki tupu.

Jamani. Mimi nilikuwa msichana mdogo lakini sauti yangu ni hii hii mnayoisikia. Nikanyanyua samaki mmoja kwa mkia, juu, wodi nzima imwone.

"Mzee! Sindano inatoa maji huku, wewe unayarudisha kwa mlango wa nyuma? Chumvi hii ndiyo inayoyashika maji mwilini! Unataka yapande mpaka kifuani yakuzamishe ukiwa nchi kavu?"

Wagonjwa wakacheka. Mzee akakunja uso.

"Binti, punguza ukali. Nina mwanangu Iringa anaoa muuguzi. Msichana mpole, ana adabu, sauti yake hata mbu hamsikii. Siku nitakayouguzwa na mkwe wangu, ninyi mtajifunza kwake namna ya kusema na watu wazima."

Wengine mtasema hapo ningeshtuka. Iringa, muuguzi, mwana anaoa! Lakini hasira ikishanipanda mimi sisikii vizuri, na isitoshe Iringa tulikuwa wauguzi wengi na wote tulikuwa tunachumbiwa. Nikamjibu (Mungu anisamehe):

"Huyo mkwe wako namwonea huruma! Atakuja kukuta baba mkwe ameoana na chumvi!"

Wodi ikapasuka kwa vicheko, mzee mwenyewe akatikisa kichwa akitabasamu pembeni, maana alijua amekamatwa. Na wakati huohuo mlango ukafunguliwa, akaingia daktari, Mwingereza mrefu mwenye viatu vya ngozi vinavyong'aa, Sista Elsa nyuma yake, na Lazaro akiwa amebeba maboksi ya stoo, akinitupia jicho la "si ungeningoja".

Nikajikaza. Nikaeleza yote: uzito umepanda, mkojo mchache, mapigo, pumzi, shingo, samaki. Daktari akaitikia kwa kichwa, Sista akawa na uso wa kuridhika ambao alikuwa hautoi ovyo. Nikajiona nimefika. Nikachukua chupa ya mkojo kwa mkono mmoja ili waone kipimo, na kwa mkono mwingine nikabonyeza tena ugoko wa mzee, nguvu zangu zote, kuwaonyesha lile shimo.

"Baba!"

Sauti hiyo nilikuwa naijua. Nilikuwa naisikia hata usingizini. Nikageuza shingo, nikamwona Ambakisye amesimama mlangoni, vumbi la njia ya Iringa limemjaa mpaka kwenye nyusi, na pembeni yake mama yake, ameshika kifurushi kingine cha majani ya mgomba. Ambakisye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mzee wangu wa samaki.

"Baba, pole. Basi lilikufa Chimala, nimelala huko."

Siwezi kuwaeleza vizuri kilichotokea, kwa sababu kichwa changu hakikushiriki. Miguu ndiyo iliyoamua. Kwetu Rungwe pangekuwa na migomba, pale hapakuwa na migomba, palikuwa na kitanda, na mimi nikaingia chini yake kama panya aliyeona paka, ila nilisahau kwamba nimeshika chupa. Chupa ikagonga chuma, ikapinduka, na mkojo wote wa tangu jana ukaenda moja kwa moja kwenye viatu vya daktari.

"Tumpe!" Sista Elsa akapiga kelele. "Ni nini? Kuna nyoka?"

Angesema neno lolote lingine. Aliposema nyoka, wodi nzima ikasikia nyoka tu. Watu ambao tangu wiki iliyopita walikuwa wanaomba kuinuliwa wapewe maji, wakasimama wenyewe juu ya vitanda. Jamaa mmoja mwenye mguu wa plasta akarukia kitanda cha jirani yake, wakakumbatiana. Lazaro akatupa maboksi akatafuta fimbo. Mimi chini huko naona viatu tu: vya daktari vinaruka kuukwepa mkojo, vyeupe vya Sista vinazunguka, makatambuga ya Lazaro, viatu vya Ambakisye vya vumbi, na nyayo peku za mama mkwe, ambazo ndizo pekee zilizokuwa zimetulia.

Maana mama mkwe alikuwa ameniona. Nikamsikia akisema kwa Kinyakyusa, polepole, kama mtu anayesoma tangazo la msiba, "Huyo ndiye mkwe wako."

Chuma cha kitanda kikalia kwa nguvu. Mzee naye alikuwa amekumbwa na adabu yake: nimeiona miguu yake, nimeibonyeza, nimemsema mbele ya watu, na sasa yeye amekaa juu ya kichwa changu! Hawezi kushuka, atakanyaga nilipo. Hawezi kukaa, atanikalia. Akafanya alichoweza, akavuta blanketi akajifunika gubigubi, akalala chali, na mama mkwe kwa kumsaidia akaongeza blanketi la pili na kuondoa mito ili asionekane kabisa.

"Mtoeni kwanza yule mtoto," nikamsikia akisema ndani ya blanketi. "Mtoeni, nita... nita..."

Hakumaliza. Na mimi nikiwa chini yake, sikio langu karibu na godoro, nikasikia pumzi yake ikibadilika. Ilikuwa ya haraka, fupi, na mwisho wa kila pumzi kulikuwa na mchemko mdogo wa maji, kama uji unapoanza kutokota. Daktari alikuwa anasema jambo kwa Kiingereza, anajaribu kuondoa blanketi, mama mkwe analivuta huku, hajui anachoambiwa, anadhani mzungu anataka kumfedhehesha mumewe.

Mkwe wa kwetu hasikiki sauti mbele ya baba mkwe. Hilo nilikuwa nalijua tangu utoto. Nikalifikiria kwa muda wa pumzi mbili zake, na ya tatu ilikuwa mbaya zaidi, basi nikafumba macho nikapaza sauti kwa Kinyakyusa kutoka chini ya kitanda:

"Mama! Mkalishe! Asilale! Rudisha mito, mshushe miguu ining'inie! Akilala maji yanapanda kifuani, atakufa mikononi mwako!"

Mama mkwe aliachia blanketi palepale. Nikasikia Ambakisye na daktari wakimnyanyua, mito ikirudi, na mbele ya pua yangu ikashuka miguu miwili iliyovimba, ya baba mkwe wangu, na kwenye ugoko wa kulia lile shimo la kidole changu lilikuwa bado halijajaa. Nikalitazama, lenyewe likanitazama. Nikageukia ukutani.

Daktari akaagiza sindano, Sista akakimbia, Lazaro (amekwisha tupa fimbo) akamshika mzee mabega. Tukakaa hivyo kwa muda niliouona mrefu sana, mimi chini nikisikiliza tu, bila mtu kuniuliza, mpaka ule mchemko ukapungua, pumzi ikawa ndefu, na mzee akasema kwa sauti ndogo, "Ndaga," yaani asante kwa kwetu. Alikuwa anamwambia daktari, nadhani.

Ikabaki kunitoa. Lazaro akawaeleza wazungu kwamba hapa hakuna nyoka, ni mkwe. Daktari akasema, "Mkwe?" akatazama viatu vyake. Sista, ambaye alikuwa ameishi nyanda hizi muda mrefu kuliko alivyojifanya, akaleta shuka kubwa, akanitupia chini ya kitanda, nikajifunika kutoka kichwani mpaka miguuni, nikatambaa nje nikasimama. Nikatembea kuelekea mlangoni, ila kwa kuwa sioni, nilikata kushoto mapema mno, nikaligonga toroli la uji wa asubuhi, sufuria likaanguka, na mimi na shuka langu tukateleza kwenye uji tukakaa chini. Nakwambieni wodi ilicheka, mpaka yule wa plasta akaanza kukohoa, na kati ya vicheko vyote kulikuwa na kimoja kinatoka karibu na dirisha, cha mtu ambaye pumzi yake haijamtosha lakini hawezi kujizuia.

Nililia katika chumba cha kuoshea mabakuli. Nililia kwa ajili ya uchumba, kwa ajili ya kazi, na kwa ajili ya kofia yangu iliyolowa uji. Ambakisye akaja akasimama nje ya mlango.

"Tumpe, fungua."

"Nenda. Waambie wazee wavunje. Sitawalaumu."

"Baba ameuliza, yule anayekemea ndiye? Nikamwambia ndiye."

"Halafu?"

"Akasema, sasa nani alinidanganya kwamba ni mpole?"

Nikamsikia anabana kicheko.

"Na mama je?"

"Mama anauliza samaki wake wako wapi."

Nikafungua mlango.

Sista hakunifukuza. Alinipa adhabu ya kusugua sakafu ya wodi yote, kisha akanirudisha wodi ya wanawake, nikashukuru. Lakini mzee akakataa kuhudumiwa na Lazaro. Alisema kidole cha Lazaro kigumu kama mpini wa jembe, na kwamba yule aliyeyasikia maji kifuani akiwa chini ya godoro ndiye aendelee. Lakini adabu ni adabu. Basi Sista akaweka pazia la fremu kati yetu, mimi huku, mzee kule, na kila asubuhi kabla ya uji unatokea mkono wake chini ya pazia nahesabu mapigo, halafu unatokea mguu nabonyeza. Kusema tulisema kupitia kwa Lazaro, aliyekaa mwisho wa pazia, Mhehe wa watu, anageuza shingo kama anatazama mpira.

"Mwambie baba, je, amekula chumvi?"

"Baba, umekula chumvi?"

"Mwambie mkwe, sijaigusa."

"Hajaigusa."

"Mwambie namsikia."

"Anakusikia. Jamani, si mnasikiana wenyewe?"

Na mizani ikaanza kushuka, asubuhi baada ya asubuhi, mkojo ukawa unajaza chupa, mshipa wa shingo ukalala, na siku moja nilibonyeza ule ugoko nikaachia, kidole hakikuacha alama. Nilibonyeza tena nisiamini. Nikausikia mguu ukivutwa ndani, na sauti kutoka upande wa pili ikisema moja kwa moja, bila Lazaro, "Inatosha, mwanangu. Uvimbe umekwisha."

Tulifunga ndoa baada ya mavuno ya kahawa, na baba mkwe alikuwepo, nyuma ya watu, akila chakula kisicho na chumvi.

Mimi nikaapa, na kiapo hicho nimekishika mpaka nilipostaafu: simgusi mgonjwa mwanamume mtu mzima, mkono wala mguu, mpaka nimemuuliza ametoka wapi, watoto wake ni akina nani, na kama ana kijana ambaye hajaoa. Wapo waliodhani natafuta mume, ingawa pete ilikuwa kidoleni. Mzee mmoja wa Iyunga alifurahi sana akaniambia anao wawili, nichague ninayemtaka. Afadhali hiyo. Angalau niliulizia nikiwa nimesimama.